Mimi, Bibie na Chungu Kimoja

Jumapili, 4 Mei

Nimepata mgeni. Nilifungua sanduku la spana (nimestaafu ufundi baiskeli, lakini mikono haijapata barua) nikamkuta amelala juu ya mnyororo mkuukuu. Paka mchanga, jike, mwepesi kama leso. Akanitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji. Nimemwita Bibie.

Nikampa maziwa. Nani asiyejua kwamba paka hunywa maziwa? Haikupita nusu saa, akaharisha ndani ya kofia yangu ya misibani. Basi, kofia hiyo haitazika mtu tena.

Lakini kati ya kofia zangu tatu alichagua iliyo bora. Ana jicho, huyu!

Jumatatu, 5 Mei

Binti yangu kapiga simu. Nesi wa kliniki kanichongea tena: eti presha yangu imepanda na haina nia ya kushuka. Nimepewa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Nikipimwa ikiwa bado juu, nafungasha, nahamia kwake, na nisimletee ubishi. Nikamuuliza kama mkwe wangu bado anapiga chafya akiona paka. Akasema hata akiona picha ya paka. Akauliza kwa nini nauliza. Nikasema basi tu, mwanangu.

Nikiondoka, Bibie atakwenda kwa nani? Kinyozi wa chini ameshajitolea kumrithi, na mimi bado napumua! Ana dume lake limenona kama mto wa kochi, analiita Jenerali. Kasema Bibie si paka, ni panya aliyeota sharubu. Nikamwambia akanyoe vichwa vya watu, changu akiache.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda kwa daktari wa mifugo. Kumwona ni pesa, kuuliza njia ni bure. Kwa hiyo nikauliza njia ya posta, kisha nikaongeza kwamba kuna jamaa yangu mmoja ana paka. Akasema mzee wangu, jamaa yako ametoa kichwa mfukoni mwako. Kweli, Bibie alikuwa anachungulia.

Akacheka, akamshika tumbo, akanieleza. Maziwa hapana. Chumvi hapana, mafuta hapana, vitunguu hapana kabisa. Apewe samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba, maini kidogo, yai mara mojamoja. Mara nne kwa siku, kidogokidogo.

Nesi wangu ananiimbia wimbo huohuo mwaka wa nane sasa! Lazima hawa walisoma shule moja, ile ya kunyima watu raha. Ila mimi nikila chumvi ni ujeuri wangu. Bibie akila chumvi ni dhuluma.

Sasa, pensheni ni mwisho wa mwezi, na gesi kwenye mtungi inapumua kwa shida kuliko mimi. Vyungu viwili haviwezekani. Mpango: chungu kimoja, cha Bibie. Mimi nile kinachobaki, nijitilie chumvi sahanini. Akili ni nywele!

Alhamisi, 8 Mei

Ushindi! Nina debe la chumvi nililonunua mwaka ule waliposema chumvi itaadimika. Haikuadimika. Leo nimelisukuma kwa baiskeli hadi kwa mama samaki, ambaye hukausha samaki wasiouzika. Tumekubaliana: yeye achukue debe, mimi nichukue vichwa na mikia kila asubuhi hadi mwisho wa mwezi. Baiskeli pia kaibakiza, eti ya kubebea barafu, kwa hiyo anaongeza samaki wadogo wawili.

Nikamtengenezea na kifaa cha kuparulia magamba, vizibo vya soda nilivyopigilia kwenye kipande cha ubao. Nikakijaribu mwenyewe. Magamba yakaruka hadi nyusini. Mama samaki akasema babu, ukisimama hapo dakika tano nitakuuza kwa kilo.

Nimerudi kwa miguu, mwendo wa dakika arobaini, Jenerali na wenzake watatu nyuma yangu kama msafara wa waziri. Bibie akanilamba kuanzia nyusi hadi vidole. Hakuacha gamba hata moja. Kazi safi!

Jumapili, 11 Mei

Msiba mdogo. Nilibakiza kikombe kimoja cha chumvi kwa ajili yangu. Bibie kakisukuma kwa mguu mmoja, taratibu, huku ananitazama machoni, hadi kikaingia kwenye beseni la maji. Hakupepesa. Nimefanya kazi na mafundi arobaini, sijaona mkono uliotulia namna ile.

Kununua nyingine? Nilisimama dukani na vijisenti vyangu. Chumvi au maini? Nikanunua maini.

Chakula sasa kina ladha ya maji yaliyosikia habari za samaki. Yeye anakula kidogo, ananawa uso, anaondoka. Mimi nakula, nanung'unika. Nani hapa kalelewa vizuri?

Jumanne, 13 Mei

Zimebaki siku tatu. Nimepata dawa ya presha: kinyozi! Presha yake haina neno, anajisifia kila siku. Avae koti langu, aende kliniki, ajibu jina langu. Akakubali haraka mno. Kisha akataja ujira: Bibie. Amegundua kwamba manyoya yake sasa yanang'aa, na wateja watampenda.

Juzi alikuwa panya! Nikamvua koti langu mabegani nikaondoka. Akapiga kelele kwamba hilo ni lake, bado sijampa langu. Nimelirudisha.

Ijumaa, 16 Mei

Sikulala vizuri. Nimembeba Bibie ndani ya koti, upande wa moyo, ili tuagane njiani kama itabidi.

Nesi akapima. Akakunja uso. Akabadilisha mkono. Akabadilisha mashine. Akamwita mwenzake aje ashuhudie. Presha imeshuka! Akaniuliza nimefanya nini, mzee. Nikafungua koti. Bibie alikuwa ananguruma kama dinamo ya baiskeli mpya. Nikamwonyesha dawa.

Nesi akasema si paka, ni chakula na kutembea, na niendelee hivyohivyo. Nikaitikia kwa heshima, kama unavyomwitikia mtoto. Miaka yote hiyo ya kusoma, na dinamo haijui!

Nikampigia binti yangu simu, akasema haya baba, kaa kwako. Sauti ilimtetemeka kidogo. Yangu pia. Nikasingizia mtandao.

Jumamosi, 17 Mei

Sherehe. Nimekopa kwa kinyozi, nikanunua kilo mbili za chumvi, mafuta, na samaki mkavu wa mama samaki (chumvi ni ileile yangu, nimeitambua). Nimekaanga hadi jirani wa juu akafungua madirisha. Presha imeshuka, maana yake sasa ina nafasi ya kupanda. Hesabu ndogo tu! Na siku ya kliniki nyingine nitavaa koti, Bibie upande wa moyo, na kwa ajili ya mfuko wa kulia nimeshaanza mazungumzo ya kumkodi Jenerali.

Nikamkaribisha Bibie kwenye sahani yangu. Akanusa. Akarudi hatua moja. Kisha akaanza kupapasa sakafu kuizunguka sahani, kulia, kushoto, kwa bidii, kama anavyofanya mchangani akishajisaidia.

Nilimtazama mpaka machozi yakanilenga. Anafagia! Miaka sabini na tatu, hakuna aliyewahi kunifagilia mahali pa kulia chakula.

Nikaongeza chumvi kidogo.