Oveni ya Mama Mlezi

Jumatatu, 2 Machi
Nimepata! Clotilde, una kichwa wewe! Redio ya mji imetangaza kwamba manispaa inatafuta watu wa kulea kwa muda watoto walioondolewa kwao na mahakama. Mlezi analipwa kila mwezi, kwa kila mtoto, kima cha chini cha mshahara kizima, na kodi ya nyumba anasamehewa. Miezi miwili tu, nina oveni mpya. Hii yangu mlango umefungwa kwa waya. Inaoka vimkate kumi na viwili kwa zamu, na sita vinaungua. Jirani yangu Gumercinda anaoka sitini kwa mkupuo. Ndiyo maana miaka tisa mfululizo Padri Honorato anampa yeye oda ya vimkate vya jibini vya sikukuu ya Mtakatifu Yohane. Mwaka huu basi! Nitaomba mtoto mchanga. Mchanga anakunywa maziwa tu.

Ijumaa, 20 Machi
Mafunzo ya walezi. Nani kaketi mstari wa mbele na leso mkononi? Gumercinda! Nusura nirudi nyumbani. Ofisa ustawi wa jamii, Bi Rosângela, akaeleza kwamba mlezi wa muda haasili mtoto. Siku ndugu zake wakiwa tayari kumpokea, unamwachia. Akatuuliza mmoja mmoja kama tutaweza. Gumercinda akaangua kilio, akasema yeye akishampata hamtoi, hata aje hakimu na polisi. Mimi nikasimama. Nikasema kuachia ni kipaji changu: mume wangu alipokwenda zake na yule muuza bima, nilimbebea sanduku mpaka kituo cha basi. Ukumbi mzima makofi! Gumercinda kakataliwa, mimi nimepita. Nimenunua keki mbili njiani na nimezila zote.

Jumanne, 14 Aprili
Mtoto mchanga amefika. Ana miaka tisa.
Anaitwa Tainá. Nikamvuta Bi Rosângela pembeni, nikamwambia karatasi zimechanganywa. Akasema wachanga hawapo, na huyu amehamishwa nyumba mbili tangu mwaka uanze. Mtoto kasimama mlangoni na mfuko wa plastiki. Kauliza atakaa siku ngapi, ili ajue kama atoe vitu mfukoni au aviache humohumo. Nikamwambia atoe vyote. Kisha kala vimkate saba, vilivyoungua vikiwemo. Hasara iko wapi? Jikoni kwangu sasa hakitupwi kitu.

Ijumaa, 8 Mei
Pesa imeingia! Nikatoka mbio kwenda kununua oveni. Nikapitia shuleni mara moja tu, mwalimu akaniambia Tainá haoni ubao. Haya, miwani. Miwani ni mtaji, atanisomea maelekezo ya oveni. Viatu pia, maana vya zamani vilikuwa vinacheka, na watu wangesema. Na godoro, kwa sababu lile la zamani linachoma mgongo, na mtoto asiyelala hasomi maelekezo. Oveni mwezi ujao. Mipango yangu haijawahi kwenda vizuri hivi.

Jumatano, 27 Mei
Bi Rosângela kaja bila taarifa. Kamuuliza Tainá, mbele yangu, Bibi Clô, yaani mimi, anafanyia nini pesa ya malezi. Nikamkata mtoto jicho. Hakuliona. Miwani yote ile! Akajibu, "Anataka oveni kubwa amkomeshe jirani. Lakini kila akienda kuinunua, anasahau."
Ardhi ingepasuka ningejitosa. Bi Rosângela akatazama miwani, viatu, godoro, halafu oveni yangu na waya wake. Akaandika muda mrefu. Alipoaga akaniambia niendelee kusahau hivyohivyo. Maana yake sijui, ila ripoti imetoka nzuri. Nimemzidi akili mtu mwenye digrii!

Jumamosi, 13 Juni
Pesa ya mwezi wa pili imegeuka gauni. Shuleni wamemchagua Tainá awe bibi harusi katika ngoma ya sikukuu, ile ya harusi ya utani, na bibi harusi hatoki nyumbani kwangu amevaa pazia. Lakini sikia! Leo asubuhi mtoto huyo alikaa na kiti chake mbele ya oveni, akaubana mlango kwa miguu miwili, hakikuungua hata kimkate kimoja. Akavifunika kwa kitambaa, akampelekea Padri mwenyewe. Padri kala vitano kwa kusimama. Oda ni yangu! Vimkate mia sita! Gumercinda kafunga dirisha, mtaa mzima ukasikia. Raha iliyoje!

Saa kumi jioni. Nimepiga hesabu ya kumi na viwili kwa zamu. Nimekaa kitako.

Jumatano, 24 Juni
Tainá aliruka ua bila ruhusa yangu akaenda kumwomba Gumercinda oveni yake. Gumercinda akaja uani, mikono kiunoni: "Njoo uoke, shoga, kabla hujaunguza mtaa. Ila kwenye kibanda cha sikukuu tunaandika majina mawili." Nikakubali kwa sharti moja, langu liwe juu. Limekuwa juu! Vimkate vimeisha kabla moto wa sikukuu haujawashwa. Katikati ya ngoma bibi harusi akanitafuta katika umati kwa ile miwani, akanipungia mkono na kumsahau bwana harusi. Gumercinda akalia. Mimi nilikuwa na moshi machoni. Moto ulikuwa bado haujawashwa, lakini moshi ulikuwepo.

Jumanne, 7 Julai
Bi Rosângela kapiga simu. Bibi mzaa mama wa Tainá amepona na amepata nyumba. Hakimu amekubali. Ijumaa anaondoka. Nikauliza kama hakimu amesoma vizuri. Nikauliza kama huyo bibi anajua kwamba mtoto hanywi maziwa yenye utando. Nikauliza tena kuhusu hakimu. Bi Rosângela akanikumbusha, taratibu, kile kipaji changu.
Pesa ya mwezi huu nimenunua sanduku. Mfuko wa plastiki nimeuchoma.

Ijumaa, 10 Julai
Nimemwachia. Barabara kabisa! Nilimbebea sanduku mpaka kwenye gari. Bibi yake ni mtu mwema, alinishika mikono yote miwili. Tainá kauliza kama akifika atoe vitu vyote. Nikamwambia vyote. Gari lilipokata kona nikakaa ukingoni mwa barabara, Gumercinda akaja akakaa pembeni yangu, akanipa leso yake, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nimeumia. Nimeumia sana, naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu.
Kwenye mlango wa oveni Tainá kabandika karatasi: "Bibi Clô, usisahau oveni."

Jumatatu, 20 Julai
Bi Rosângela tena! Mapacha, wana miezi minane. Wachanga! Maziwa tu! Watoto wawili, misaada miwili! Safari hii oveni haina pa kukimbilia. Nikachukua ile pesa ya vimkate mia sita, nikasoma karatasi ya Tainá mara mbili kwa sauti, nikaenda moja kwa moja dukani. Sikusahau oveni hata dakika moja, njia nzima naitaja.
Nimerudi na vitanda viwili vya watoto. Vizuri ajabu, vina magurudumu! Oveni ni Agosti.