Friji ya Shangazi na Solo Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepokelewa kwenye bendi. Kwa majaribio, lakini nimepokelewa. Ijumaa wanaingia studio kurekodi wimbo, na katikati ya wimbo huo kuna nafasi tupu ya gitaa la solo. Nafasi hiyo ni yangu. Kiongozi wa bendi, ambaye ndiye mwimbaji na kwa kazi yake ni fundi cherehani, anadai bado hajaamua. Anasema itachukuliwa na mmoja wetu, mimi au mpiga gitaa wao wa zamani, na kwamba asiyesikika kwenye wimbo hayumo kwenye bendi.

Nimemwona huyo wa zamani. Wanamwita Nyuzi Tatu kwa sababu gitaa lake lina nyuzi tatu. Nyingine zilikatika, akaona hazina umuhimu. Mimi nina nyuzi sita na shahada. Tasnifu yangu ilihusu ukimya katika muziki. Msimamizi wangu aliisoma yote akasema hana la kuongeza.

Mama nimemwambia atanisikia redioni. Ameuliza kama bendi ina sare.

Mazoezi yanafanyika sebuleni kwa shangazi yake Kiongozi. Leo kabla ya kuanza wote walinyamaza, wakainamisha vichwa, wakaigeukia friji iliyo kwenye kona. Nikadhani ni dua. Nami nikafumba macho nikawaombea wazazi. Kumbe wanalinganisha nyuzi. Friji ikinguruma, mpiga besi anakaza nyuzi zake mpaka zifanane na mngurumo, na wengine wanamfuata yeye. Friji ikizima, wanasubiri iwake.

Sikujua nicheke au nilie. Nilianza kwa kucheka, njiani, peke yangu. Mama mmoja akavuka barabara kuniepuka.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipima friji. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu karibu nayo, kifaa changu cha kupimia nyuzi kikiwa kiganjani. Haiko kwenye noti ya A, ambayo wanamuziki duniani kote huilinganishia vyombo, wala haiko kwenye noti ya chini yake. Iko mahali fulani katikati, ambapo hakuna mwanamuziki aliyesoma aliyewahi kufika kwa hiari yake.

Nikaona ni wajibu wangu kuwaeleza. Niliwapa maelezo mafupi ya historia ya usawa wa sauti, tangu mwanzo. Mpiga ngoma alilala na vijiti mkononi, na akaendelea kupiga taratibu. Nyuzi Tatu alisema, dada yangu, hayo yote ni kweli kabisa, sasa sogea kidogo, umeiziba friji. Shangazi, aliyekuwa anapiga pasi, alinijulisha kwamba friji hiyo aliletewa na marehemu mumewe kabla mimi sijazaliwa, na hajawahi kusikia mtu akiisahihisha. Kisha akaniuliza kama nimeolewa. Nikasema bado. Akasema, ahaa.

Nina mpango. Wakiikosa friji, watahitaji kifaa changu. Wakihitaji kifaa changu, watanihitaji mimi. Mwenye kifaa ndiye mwenye solo. Nimeipitia hoja hii mara kadhaa. Haina ufa.

Jumatano, 5 Machi

Nilikwenda kwenye friji kuchukua maji ya kunywa, nikageuza kile kitufe cha ndani cha kupunguza baridi mpaka mwisho. Friji ikazima. Nikarudi kitini, nikaweka kifaa changu pajani, mahali pa kuonekana.

Wakasubiri. Kiongozi akasema subira huvuta heri. Wakasubiri tena. Mpiga besi akamenya chungwa. Nikasema, kama vile natania, kwamba ninacho kifaa hapa. Kiongozi akanishukuru, akasema lakini mwanangu, mafahali wawili hawakai zizi moja. Tulikaa hivyo mpaka muda ukaisha. Hatukupiga hata noti moja. Kwa mtu aliyeandika tasnifu juu ya ukimya, ilipaswa kuwa siku nzuri.

Ndipo Shangazi akafungua friji. Huwa anagandisha juisi kwenye vifuko, anawauzia watoto wa shule. Vifuko vyote vilikuwa vimelegea kama soksi. Akauliza ni nani aliyegusa friji yake. Nikasema umeme wa siku hizi hauaminiki. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu. Nyuzi Tatu akanitazama, akakitazama kitufe, kisha akainama kufuta gitaa lake. Yule ni mtu wa hatari.

Shangazi akakigeuza kitufe mwenyewe, kwa hasira, mpaka kwenye baridi kali kabisa. Friji ikawaka. Sauti yake ni ya juu kuliko ya jana.

Alhamisi, 6 Machi

Friji imepanda, na bendi nzima imepanda nayo. Kiongozi sasa anaimba kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Wimbo unamhusu mwanamke aliyeondoka bila kuaga. Leo kwa mara ya kwanza nimemwelewa yule mwanamke. Hakuna aliyethubutu kurudisha kitufe chini, maana Shangazi ameweka kiti chake mbele ya friji na anafumia hapo.

Mimi sina wasiwasi. Kesho ni studio, na studio haina friji. Nimeosha nywele. Nimebadilisha betri ya kifaa. Mama ameshawaambia majirani.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekuja na friji.

Kwenye mkokoteni, imefungwa kamba, Shangazi akitembea pembeni ameushika mlango wake kama anayempeleka mgonjwa hospitali. Fundi mitambo wa studio, mtu mpole, aliitazama, akauliza na huyu anapiga nini. Kiongozi akasema huyu hapigi, huyu ndiye anayetupa sauti. Fundi akasema sawa, lakini ikishawapa mnizimie, kwa sababu maikrofoni zangu zinasikia kila kitu. Ikachomekwa. Wakainamisha vichwa. Wakalinganisha nyuzi. Ikachomolewa.

Mimi sikulinganisha. Nilijifanya tu. Nyuzi zangu nilishazipanga nyumbani kwa kifaa, ziko sahihi kabisa, na nilikuwa tayari kufa nazo.

Solo ilipofika nilifumba macho. Nilipiga kwa moyo wote. Nilipofumbua, Fundi alikuwa amesimama, uso umegusa kioo kinachotutenganisha. Akaniuliza kwa upole, kupitia hedifoni, kama wimbo ninaoupiga ni huu huu. Nikamwambia kwamba humu ndani aliye sahihi ni mimi peke yangu. Akasema inawezekana, dada, lakini wao ni wanne, na ukiihesabu friji ni watano.

Kiongozi hakukasirika. Alikuja karibu, akasema sogeza nyuzi kidogo tu, mwanangu, uje tulipo. Kidogo tu. Ningeweza. Mkono ulikuwa tayari umefika kwenye vifungo vya kukazia nyuzi. Lakini mtu ana misimamo yake. Nikasema waje wao nilipo mimi.

Solo akapewa Nyuzi Tatu.

Kilichofuata sikukipanga. Yaani nilikipanga, lakini kwa haraka. Nyuzi Tatu alipoanza kupiga, nilijifanya nimeangusha kitu, nikatambaa mpaka nyuma ya friji, nikachomeka plagi. Nia yangu ilikuwa mngurumo umharibie. Ukamharibia. Alishtuka akanyanyua mkono, akaacha kabisa. Ngoma na besi zikaendelea, na juu yake friji peke yake, ikinguruma kwa utulivu ndani ya nafasi yangu. Nikaingiwa na hofu, nikachomoa plagi. Friji ikatetemeka gudu, gudu, gudu, ikanyamaza palepale ambapo Kiongozi anapaswa kuingia na ubeti wa mwisho. Akaingia. Analia.

Fundi akavua hedifoni. Akasema mtu asiguse kitu. Wakasikiliza tena, na tena. Hata mpiga ngoma alikuwa macho. Shangazi akasema hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa marehemu, haongei, ila siku akiongea, umeongewa.

Salaale. Nimepokonywa solo na friji.

Jumamosi, 8 Machi

Mama alitaka kusikia. Nilikuwa na wimbo kwenye simu, sikuwa na pa kukimbilia. Aliusikiliza wote, akauliza mimi niko wapi. Mimi simo. Hakuna hata chembe yangu. Nikamwambia, ni pale kwenye mngurumo.

Mama akakaa chini. Akasema miaka yote hii nimekuwa napiga gitaa kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba, na leo ndiyo mara ya kwanza amenisikia nimetulia. Akasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Akampigia dada yangu mkubwa amsikilizishe, dada naye akaguswa, akaomba nije nipige kwake kile kipande, maana mtoto wake hataki kulala. Nimekubali. Sijui friji nitaibebaje.

Jumapili, 9 Machi

Kiongozi amekuja nyumbani. Nilijua amekuja kunifukuza, nikakaa wima ili nifukuzwe kwa heshima. Akasema Nyuzi Tatu amewasimulia. Aliniona Ijumaa na plagi, na tangu Jumatano alishajua kwamba nina mkono katika kuzima kwa ile friji. Nikajiandaa kujitetea. Kumbe Nyuzi Tatu hakunishtaki. Alinipendekeza. Amewaambia hakuna mwingine katika bendi ambaye angeichomoa palepale, si mapema, si baadaye, na kwamba mkono huo haupaswi kuachiwa uondoke.

Basi bendi inanitaka. Nitakaa nyuma ya friji na plagi. Kiongozi anasema nitahesabika kuwa nasikika, kwa kuwa inapoanzia na inapoishia ni mimi. Sare ananishonea mwenyewe. Shangazi ana sharti moja, kitufe nisikiguse.

Nilimweleza kwamba mimi ni mpiga gitaa, nina shahada na nina heshima yangu. Kisha nikamuuliza mazoezi ni saa ngapi.

Alipoondoka nilijihoji kwa uaminifu, nilikosea wapi. Jibu nimelipata alasiri hii, nikiwa nimelala chali sebuleni na kifaa changu juu ya tumbo. Mpango haukuwa na kosa. Kosa ni kwamba nilikwenda mikono mitupu. Feni ya Mama, ikiwa kwenye kasi ya tatu, inatoa A kamili, haipungui hata unywele. Kesho naipeleka mazoezini nimeizungushia shuka. Nitamwomba Shangazi soketi, nitasema ni kwa ajili ya joto. Zitanguruma mbili kwa pamoja, na bendi italazimika kuchagua.

Friji ile itajua haijui.