Mlio wa Pili

Mradi mmoja ulipofunga ofisi yake Lodwar mwaka 1999, uliacha laptopu mbili za mfumo wa Linux. Kila moja ilikuwa na kadi ya kuunganisha mtandao bila waya, na kadi hizo hazikuwahi kunasa hata nzi. Fundi kutoka Nairobi alizihangaikia wiki nzima, akarudi kwao. Odongo, mwenye ulimi laini na shati lililopigwa pasi, alizichukua kwa bei ya kilo chache za sukari.

Odongo alikuwa na haja. Amuria, mfanyabiashara wa mifugo wa Lokiriama, alikuwa amempa pikipiki ili Ijumaa aletewe redio ya mawasiliano. Redio yenyewe Odongo hakuwa nayo. Hilo aliliona jambo dogo.

Redio ilikuwa Kakuma kwa Abul, mama Mdinka ambaye wakimbizi walikuja kwake kuongea na jamaa zao wa mbali.

"Ejok, mama," Odongo alisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mwalimu. Umebeba nini?"

"Utajiri. Barua inaruka hewani kutoka hapa hadi mwisho wa soko."

"Bila waya?"

"Waya ni mambo ya zamani."

Akaweka mashine moja mezani, nyingine chumba cha pili. Alipochomeka kadi, mashine ikalia mara mbili: mlio mwembamba, kisha mlio mnene.

"Inakusalimia," Odongo alieleza.

Abul aliinamisha kichwa kidogo. Alikuwa amekaa miaka kumi na vipokea sauti masikioni.

Odongo akaandika SALAMU MAMA ABUL. Maneno yakatokea chumba cha pili. Akienda kuyasoma, Abul alikanyaga mkeka, akahisi waya chini ya kisigino. Mwenye biashara hasemi kila anachokikanyaga.

"Unataka nini?"

"Redio yako tu."

"Redio ndiyo inalisha watoto wangu."

"Mashine mbili kwa moja, mama! Hapa anayeumia ni mimi."

"Acha nifikirie. Rudi kesho asubuhi."

Kesho yake redio ilikoroma mbele ya Odongo, ikasema kwa sauti ya kiume, "Kakuma, nakupata vizuri." Abul akaizima, akaifunga kwa kanga. Odongo akaibeba. Ilikuwa nzito, akaridhika.

Ijumaa Amuria aliiwasha mara tatu. Kimya. Akafungua skrubu kwa ncha ya kisu. Ndani mlikuwa na spika, kipande cha waya kilichokatwa, na kokoto za Tarach, mto wa Kakuma.

"Hizi tunazo Lokiriama," Amuria alisema, akanyoosha kiganja apewe ufunguo wa pikipiki.

Wiki mbili baadaye Odongo alifika Kakuma juu ya lori la mahindi. Kwa Abul kulikuwa na foleni. Redio ya kweli, iliyotolewa kwenye ganda lake, ilikuwa ikiongea ndani ya sanduku la mbao, na kila jina lililoitwa aliliandika kwenye mashine moja, likasomwa papo hapo kwenye ya pili na shemeji yake, Thon, mwisho wa soko.

"Zinafanya kazi?" Odongo aliuliza kwa sauti ndogo.

Abul akachomoa kadi, akaichomeka tena. Milio miwili, yote miembamba.

"Siku ile wa pili ulitoka mnene. Wa kwanza, mashine imeijua kadi. Wa pili mnene, imeshindwa kuitumia. Maelezo yako humo humo ndani, mwalimu. Nimesoma siku mbili, nikaipa programu ya kadi yake, nikaizuia isisinzie. Tangu Jumatatu haijakatika."

"Na waya wangu?"

"Naanikia nguo."

"Basi mama, niitie redio ya polisi Lokiriama. Wamwite Amuria, nizungumze naye kuhusu pikipiki."

"Foleni iko nje."

Odongo akatoka, akapanga foleni. Alikuwa wa kumi na saba.