Kompyuta ya Bi Mauza

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Siku njema kabisa. Naandika kwa kalamu mpya. Leo nimekwenda Upanga kwa Bi Mauza, mama yake Rasha, kumweleza kwamba mimi Salem, muuza vifungo na zipu wa Kariakoo, nina nia ya kumposa binti yake. Hakukataa! Ila hakukubali pia. Alisema Taimur naye alikuja Ijumaa kwa maneno yaleyale.

Taimur! Duka lake la manukato linatazamana na langu. Anajipulizia bidhaa zake mwenyewe mpaka wateja wangu wanapiga chafya.

Bi Mauza akanieleza tatizo. Alipomzaa Muaz, mtoto wake wa kwanza, alijaliwa maziwa mengi, akawanyonyesha watoto wa majirani waliokuwa na shida. Yeye hawakumbuki wote. Na aliyenyonya kwake ni mwanawe, ndugu wa Rasha, hawezi kumwoa. Mumewe marehemu, Mzee Sadalla, mtu wa utaratibu kama mimi, aliwaandika wote kwenye kompyuta. Kompyuta ilizima mwaka 2011. Bila orodha hiyo, Bi Mauza hapokei posa ya mtu.

Nimekaa nikafikiri kwa mpangilio. Taimur alizaliwa jengo lilelile la Bi Mauza, mlango wa pili, mwaka uleule wa Muaz. Mama yake alikuwa mgonjwamgonjwa. Lazima yumo! Mimi simo. Mama yangu kila siku anasema nilikuzwa kwa maziwa ya kopo, ndiyo maana nina kichwa kikubwa. Kwa hiyo kompyuta ikiwaka tu, Taimur si mpinzani tena, ni shemeji yangu.

Nikamwambia Bi Mauza mimi ni fundi wa kompyuta. Si kweli, lakini niliwahi kubadilisha betri ya kikokotoo.

Jumanne, 12 Agosti

Upanga saa nne asubuhi. Bisibisi mbili, tochi, kitambaa, daftari.

Kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Zamani ilikuwa nyeupe, sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Skrini ni ile ya chogo, nzito kama gunia la mchele. Nikafungua boksi la mashine, nikafuta vumbi, nikamtoa mjusi mmoja, mzima, na mayai yake mawili. Rasha, ambaye anafanya kazi maabara na leo alikuwa zamu ya mchana, aliuliza kutoka jikoni kama huyo mjusi ndiye aliyekuwa anaiendesha. Ananitania! Dalili nzuri.

Nyuma nikaona kiswichi kidogo chekundu chenye namba mbili za umeme, 230 na 115. Kilikuwa kwenye 230. Nikawaza: mashine ya kizee, imelala miaka kumi na nne, haifai kuiamsha kwa nguvu. Nikakisogeza kwenye namba ndogo. Nikasema Bismillahi, nikabonyeza.

Mshindo! Moshi. Flati tatu zikakosa umeme. Bi Mauza akasoma dua. Jirani wa juu akateremka kuuliza nani amepigwa risasi.

Nikawatangazia kwamba hatua ya kwanza imekamilika.

Jumatano, 13 Agosti

Nimelipeleka boksi Mtaa wa Aggrey kwa Clotilda, fundi wa kweli. Nililifunga shuka, likapakiwa kwenye guta la magurudumu matatu. Taimur alitoka dukani kwake akauliza maziko saa ngapi. Nilipiga chafya.

Clotilda alilinusa boksi kabla ya kulifungua, akauliza nani amegusa kiswichi chekundu. Nikasema mjusi.

Akaweka pawa saplai nyingine, kile kisanduku cha kuingizia umeme. Mashine ikawasha taa, ikalia mara tatu, ikanyamaza. Akasema ndiyo inavyolalamika ikiwa na tatizo la kumbukumbu. Akachomoa kipande chembamba chenye meno ya dhahabu, akayasugua kwa ufutio wa penseli kama wa mwanafunzi, akakirudisha. Ikalia mara moja tu. Nzima! Niliruka, nikagonga kichwa kwenye rafu, wala sikusikia maumivu.

Clotilda akasema orodha anaweza kuitoa palepale kwa dakika kumi, niisome peke yangu kabla ya wengine. Nikakataa. Taimur aanguke bila watu kuona, faida yake nini?

"Kaka Salem, mwenye akili anasoma kwanza," alisema.

Nikamwambia yeye ashughulike na vyuma, mipango aniachie mimi.

Ijumaa, 15 Agosti

Kila kitu tayari. Kesho baada ya swala ya alasiri, sebuleni kwa Bi Mauza. Nimemwalika Mama, avae vizuri. Taimur nimempelekea kadi kabisa, kwa mwandiko wangu bora. Akasema atakuja na sambusa. Maskini.

Nimefanya mazoezi ya uso wa huzuni mbele ya kioo, kwa ajili ya jina lake likitajwa. Nimeandaa na maneno mafupi ya kumpa pole.

Jumamosi, 16 Agosti

Lazima niandike, ingawa mkono hautaki.

Nilibonyeza mbele ya watu wote. Ikawaka! Makofi. Kisha skrini ikaandika kwamba haioni kibodi, na kwamba nibonyeze F1 kwenye kibodi ili niendelee. Mashine gani hii? Kibodi mpya niliyoleta ina kichwa bapa, tundu la mashine ni la duara. Rasha akaenda kabatini, akaleta ya baba yake, aliyoitunza ndani ya foronya. Ikaingia. Akabonyeza yeye mwenyewe. Saa ya kompyuta ikasema tuko mwaka 1998.

Faili liliitwa MAZIWA. Majina kumi na moja. Rasha akayasoma polepole, na kila jina mimi nilimtazama Taimur kwa huruma. La kwanza si yeye. La tano si yeye. La kumi si yeye. Sambusa zilikuwa zinapoa.

"Salem wa Bi Sitara," Rasha akasoma. "Siku kumi na tisa. Huyu hashibi."

Mama akashika mdomo. Akakumbuka. Nilipokuwa na miezi miwili alilazwa kwa kidole tumbo, siku kumi na tisa, akaniacha kwa bibi, aliyekuwa jirani wa Bi Mauza. Marehemu bibi aliapa ni kopo. Kumbe makopo alikuwa anawapa paka!

Bi Mauza akanikumbatia, akaniita mwanangu, akalia kidogo. Taimur akaniletea sahani, akasema, "Kula, shemeji." Rasha akavua mtandio wake, akautundika kwenye kiti, akakaa kichwa wazi mbele yangu kama ninavyokaa na dada zangu. Niliitamani siku ya kuziona nywele zake. Leo nimeziona.

"Karibu nyumbani, kaka," akasema.

Ule uso wa huzuni ulinifaa. Nilikula sambusa sita.

Jumapili, 17 Agosti

Muaz amepiga simu kutoka Muskati. Kwa kuwa yeye yuko mbali, amesema, kaka wa Rasha aliye karibu ni mimi, basi nipokee barua ya posa ya Taimur. Nimeipokea. Kwa kanzu iliyopigwa pasi. Barua inanukia kiasi kwamba nilipiga chafya mara nne mbele ya mshenga.

Lakini! Katika wanawake walioisindikiza alikuwemo Nour, dada yake Taimur. Alinifuata kuniuliza kama ni kweli mimi ndiye niliyeifufua ile kompyuta. Nikasema ndiyo. Akasema baba yake ana deki ya kanda za video iliyokufa zamani, na kanda ya harusi yake imo ndani, na amesema yeyote atakayeitoa salama hatamnyima kitu.

Nimeipitia orodha mara tatu. Nour hayumo.

Nimekwishaipitia deki pia, kwa haraka tu, kabla ya magharibi. Nyuma ina kiswichi kidogo chekundu. Kiko kwenye namba kubwa. Kesho naanzia hapo.