Kilo Tisa za Tata Mpoyi

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita, 2025

Kilo mia moja na kumi na nne. Mizani ya daktari wa kazini ilisema hivyo mwezi uliopita, na mizani ya nyumbani inasema hivyo leo. Mwezi mzima wa yoga na majani. Hakuna hata gramu iliyoondoka.

Daktari anataka mia moja na tano kufikia Ijumaa ya wiki ijayo. Anasema kiti cha benne, lori langu la kubebea mawe, hakikutengenezwa kwa mtu wa kuzidi kilo hizo, na moyo wangu vilevile. Nikishindwa nashushwa kutoka benne namba kumi na nne. Nimeiendesha miaka kumi na moja mgodini. Nikiwa juu yake naona mpaka mapaa ya Kapata, nyumbani kwangu. Funguo atapewa Omer, msaidizi wangu. Omer ana kilo sitini na tatu akiwa amevaa buti. Siku hizi ananisalimia kwa upole. Upole huo siupendi.

Nafanya kila kitu sawasawa. Asubuhi maji ya moto na asali ya Kasaji, vijiko vitano, kwa sababu ni dawa. Mchana saladi. Bukari, ugali wetu, nakula baada ya saladi, ili saladi isikae peke yake tumboni. Na mara tatu kwa wiki naenda kwenye yoga ya joto.

Mwili wangu ni mbishi tu.

Jumatano, tarehe 4

Yoga. Mwalimu ni Chancelle, binti wa jirani, aliyejifunza Lubumbashi na sasa anafundisha kwenye ukumbi wa zamani wa wafanyakazi. Palitakiwa pawe na mashine ya joto. Umeme wa hapa si wa kuaminiwa, basi kuna mbabula sita, majiko ya makaa, madirisha yote ya juu wazi ili tusife, na Mama Mbelu wa kuzichochea. Nje baridi ya mwezi wa sita. Ndani tanuri.

Leo tulifanya mti. Unasimama kwa mguu mmoja, mikono juu. Nilisimama kwa muda wa kupumua mara mbili, kisha nikauegemea ukuta. Chancelle alisema mti hauegemei ukuta. Nilimwambia atembelee avenyu yetu, aone.

Nilitoka jasho la kujaza ndoo. Jasho ni mafuta yanayoyeyuka. Darasa likiisha, Mama Mbelu hufukua viazi vitamu kutoka kwenye majivu. Chancelle mwenyewe alishasema kwamba kiazi kitamu ni chakula cha afya. Nilikula vinne. Sioni kwa nini mtu ajinyime afya.

Nyumbani: mia na kumi na nne. Nikaitoa mizani kwenye saruji, nikaiweka juu ya mkeka. Mia na kumi na moja. Kumbe kosa lilikuwa la sakafu.

Ijumaa, tarehe 6

Omer amekuja kwenye yoga. Eti mgongo unamuuma. Alisimama mti mpaka Chancelle akasahau kumwambia ashushe mguu. Watu walipiga makofi. Mimi pia, mara moja.

Njiani nilifikiri. Kama mimi sishuki, Omer anaweza kupanda. Msaidizi mwenye kilo mia na kumi hapewi funguo. Hii ni hesabu, si wivu. Nilimwomba mke wangu, Adolphine, anifungie chakula cha watu wawili kila siku, kwa kuwa Omer anaishi peke yake na ananisikitisha. Alijibu kwamba tangu anijue sijawahi kusikitishwa na Omer. Nilimwambia yoga inalainisha roho.

Jumatatu, tarehe 9

Siku ya tatu ya kumlisha Omer. Bukari, sombe ya majani ya muhogo kwa mawese, makayabu ya samaki wa chumvi, karanga za kukaanga. Anakula bila haraka, anafuta sahani, anauliza kama imebaki.

Tatizo ni adabu. Huwezi kumkaribisha mtu kisha ukakaa kumtazama akila peke yake, hatukulelewa hivyo. Basi nakula naye. Nikipunguza mkono, na yeye anapunguza, kwa heshima. Ikabidi niongoze.

Baada ya zamu nilimpandisha kwenye mizani ya ghala. Sitini na mbili. Amepungua. Nilimuuliza chakula cha mke wangu kinakwenda wapi.

“Tata, mi niko natembea kwa miguu asubuhi na mangaribi,” alisema. “Njo vile tu.”

Alinikaribisha nami nipande. Nilisema nina haraka.

Jumatano, tarehe 11

Nimegombana na Adolphine. Kusema kweli yeye ndiye aliyegombana, mimi mdomo ulikuwa umejaa. Aliingia jikoni akanikuta nimesimama na sufuria ya sombe ya kesho. Nilimweleza kwamba chakula cha kusimama hakihesabiwi, kinashuka moja kwa moja miguuni. Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda.

“Tata Mpoyi,” alisema, “docteur hakusema kiti tu. Alisema na moyo. Mi niko nasikia namna unapumua ukipanda ngazi ya kanisa. Batoto nabo banasikia. We unasikia kiti tu.”

Katika miaka ishirini na sita ya ndoa nimemwona akifuta macho kwa kitenge mara mbili. Leo ni ya tatu. Niliweka sufuria chini, nikamshika mkono, nikamwahidi. Alisema basi, kesho atapika mboga na samaki kidogo, nami nitakula hivyo hivyo, nikiwa nimekaa.

Maneno yake yamenigusa. Anachoka sana, maskini. Nimeamua kumpunguzia kazi. Kesho asinipikie kabisa. Nitakula viazi kwa Mama Mbelu.

Ijumaa, tarehe 13

Siku ya kipimo. Nilijiandaa kisayansi. Tangu jana mchana sikunywa maji. Nilinyoa kichwa. Nilivaa kaptura ya mwanangu, iliyo nyepesi na inayobana kila kitu mahali pake.

Asubuhi nilifanya yoga. Chancelle alinikataza kurudia darasa la pili. Nilijifanya nimesahau taulo ndani, nikaenda kukaa nyuma, katikati ya mbabula mbili. Mwanzoni nilijisikia vizuri sana. Kisha nikaona akina Chancelle wawili, na wote wawili walikuwa wananikemea.

Nilizinduka nje, juu ya majani. Omer alikuwa ananipepea kwa kofia yake. Walisema alinibeba mgongoni, peke yake, kutoka nyuma ya ukumbi mpaka mlangoni. Kilo sitini na mbili zimenibeba mimi, tena mgongo ukimuuma. Hata hilo alilifanya vizuri. Walininywesha maji lita mbili, kisha Omer akanipeleka kwa daktari kwa pikipiki, polepole, akikwepa mashimo.

Mia moja na kumi na sita.

Daktari aliangalia namba, akaniangalia mimi, akarudi kwenye namba. Nilisema ni maji waliyonilazimisha.

“Lita ngapi?”

“Mbili, docteur.”

“Haya, kilo mbili ya maji. Na ile tisa ingine, tata?”

Nilisema huenda ni joto, kwa kuwa joto linavimbisha vitu. Aliandika kwa muda mrefu.

Omer amepewa funguo. Alizipokea kwa mikono miwili, hakutabasamu. “Benne ni yako, tata,” aliniambia. “Mi niko nakuchungia tu.” Nilitazama pembeni. Macho yalikuwa bado yanatoka jasho la yoga.

Jumatatu, tarehe 16

Kazi mpya. Nimewekwa kwenye mizani ya magari, pale malori yanapopimwa kabla ya kutoka. Mkuu wa hapo, tata Zéphirin, alinifundisha: gari linapanda, namba inatokea kwenye ubao, unabonyeza, karatasi inatoka. Mizani ya chuma, ndefu kama nyumba mbili. Si kama kile kisahani cha daktari.

Saa sita hapakuwa na gari. Zéphirin alikuwa kibandani anakula. Nilipanda mwenyewe, nikasimama katikati, nikainua macho kwenye ubao.

Mia moja.

Nilishuka, nikapanda tena. Mia moja. Zéphirin alisema mashine hii inahesabu kwa kilo hamsini hamsini, imetengenezwa kwa malori, mtu si kitu kwake. Nilimjibu kwa heshima kwamba mashine inayoaminiwa kwa tani hamsini haiwezi kukosea kwa mtu mmoja. Alibonyeza ili nimwache amalize kula.

Karatasi ninayo. Penye namba ya gari tumeandika Mpoyi. Penye mzigo, hakuna. Nimeifunga pamoja na barua ya kudai benne yangu, nikaituma kwa daktari.

Nimempigia pia Adolphine, nikamwomba apike bukari kubwa leo. Niko kilo tano chini ya lengo. Mtu asipojiangalia anaweza kudhoofika.