Kondoo wa Tarehe 19 Mei

Jumatatu, 7 Oktoba
Nélida kaja! Mwaka mzima nimemtazama kupitia dirisha tu, yeye ofisi ya mauzo, mimi maabara ya sufu, ua katikati. Leo kauvuka mwenyewe: themosi kwapani, kibuyu cha yerba, ile chai yetu ya majani, mkononi, hasira usoni. Nilimtumia vipimo vya unene wa sufu kutoka R, programu yangu ya takwimu. Nikasahau kwamba R huandika desimali kwa nukta, na lahajedwali zetu hapa Uruguay zinataka mkato. Kondoo mwenye maikroni 19.5 kasomeka tarehe 19 Mei. Zizi zima limekuwa kalenda! Kaniuliza mnunuzi anataka sweta au anataka kujua siku ya kuzaliwa ya kondoo. Tumerekebisha mstari kwa mstari hadi mchana, tukinywa yerba kwa mrija mmoja. Kuna amri moja tu ya kurekebisha yote. Sikuitaja. Ningeitaja vipi?

Jumatano, 9 Oktoba
Faili la pili. Nukta nimeziacha kwa makusudi. Kaja! Kasema hajapata kuona mtu mwenye kipaji cha kuharibu kama mimi. Nimefurahi siku nzima. Ana harufu ya sabuni ya kufulia. Nimeacha dirisha la maabara wazi, labda upepo utaileta tena.

Alhamisi, 10 Oktoba
Washington wa ghalani kapita na keki zake ndogo, akauliza kwa nini msomi mzima anasahau mkato mara mbili. Nikamwambia R ina mafua. Kacheka mpaka makombo yakajaa kwenye kibodi yangu. Mchana nimemwona dirishani, kakaa karibu na Nélida, anamwonyesha kitu kwenye kompyuta. Karibu mno!

Jumatatu, 14 Oktoba
Balaa. Safari hii niliondoa na majina ya safu kwenye faili, ili tukae pamoja hadi jioni. Doña Eulalia, bosi wetu, akalifungua kwanza. Kamkemea Nélida mbele ya wanunuzi, nami nipo pale. Nilitaka kukiri. Nilisimama kabisa. Nikasikia sauti yangu ikisema huenda ni umeme. Nélida kalirekebisha faili peke yake. Hakuja. Kumbe maabara hii ni baridi hivi?

Ijumaa, 18 Oktoba
Anahamia tawi la Salto! Kaomba mwenyewe, mama yake anaishi huko. Tumemuaga kwa maandazi na muziki wa simu ya Washington. Kanivuta pembeni. Eti alijua tangu faili la pili kwamba nakosea makusudi.
“Hata kemeo la Eulalia nililimeza kwa ajili yako,” kasema. “Wewe mtu, ungeniita tu tunywe yerba. Ningekuja. Mwaka mzima ningekuja.”
Kaniomba nimwandikie. Maneno, kasisitiza, si vipimo vya kondoo. Nimemwahidi. Kisha nimejifungia stoo ya sampuli na kulia juu ya gunia la sufu. Nampenda. Haya, nimeandika.

Jumanne, 22 Oktoba
Dirisha lake lina pazia jipya. Nimekaa kumwandikia. Nimeandika “Nélida”. Nikafuta. Nimeandika “Nélida mpenzi”. Nikafuta upesi! Nikaandika kwamba huku kunanyesha. Hakunyeshi. Nikafuta.
Nikafungua R. Nikakusanya kondoo wote wa mkoa, nukta kila mahali, nikamtumia. Salto si mbali, na kuna basi la asubuhi la kumleta. Nikachana nywele.
Jibu limefika kabla maji ya yerba hayajachemka. Karekebisha yote kwa amri moja. Kumbe Washington alimfundisha siku ile dirishani. Halafu, mstari wa mwisho: “Barua yangu iko wapi?”
Nimeusoma mstari huo mpaka macho yakauma. Anauliza! Bado anauliza! Basi nimekwisha jua kosa langu liko wapi. Faili lilikuwa rahisi mno. Kesho namtumia jingine, ambalo hata Washington hataliweza.