Taarifa ya Ufuatiliaji wa Moyo Wangu

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutaarifu umma kwamba siku ya Jumanne, saa nne na robo asubuhi, moyo wangu ulipata hitilafu kubwa katikati ya kikao cha kupanga ratiba ya vikao, na kwamba ulifanya hivyo bila kibali cha mtu yeyote mwenye mamlaka.

Naitwa Pazi. Nina miaka hamsini na nne, nakaa Kilwa Masoko, na ni Afisa Ufuatiliaji na Tathmini katika ofisi ambayo sitaitaja kwa sababu sijaomba ruhusa ya kuitaja. Kwa miaka ishirini na miwili nimefuatilia visima, vyoo vya shule, mizinga ya nyuki na mabwawa ya samaki, na kazi hiyo yote nimeifanya nikiwa nimekaa. Takwimu nilizipokea kwa simu, nikazipigia mstari, nikazipeleka juu. Kuna kisima kimoja nilikifuatilia miaka sita mfululizo, kikafikia asilimia tisini na tano ya utekelezaji, ndipo ikagundulika kwamba hakijachimbwa.

Siku hiyo nilikuwa natafuna korosho za chumvi huku nikisikiliza ajenda ya tatu. Ghafla nikahisi kama mtu amenitwika gunia la ufuta kifuani, kisha akalikalia. Mkono wa kushoto ukaingia ganzi, jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikanyoosha mkono wa kulia kuomba nafasi ya kuzungumza. Mkubwa wetu, Bwana Clemence, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Akaniambia nivute subira, suala langu litaingia kwenye mengineyo. Nami nikavuta subira, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa kazini.

Aliyeniokoa ni Anthony, dereva wa ofisi, mwenyeji wa Mtama. Alikuwa ameingia kuleta maji ya kunywa. Aliniangalia usoni mara moja, akaninyanyua bila kupitia kwa mwenyekiti, akanipakia garini.

Nilitibiwa, nikahamishiwa hospitali kubwa zaidi, nikalazwa siku tisa. Daktari alinieleza kwamba huo ulikuwa mshtuko wa moyo: mshipa mmoja unaoulisha moyo uliziba. Akasema kama tungesubiri mengineyo, ningeingia kwenye kumbukumbu za kikao kama marehemu. Siku ya kuniruhusu akanipa masharti. Vidonge vya aina nne kila siku, bila kuruka. Chumvi na mafuta nipunguze. Nitembee kila siku, kidogo kidogo, hadi nifike nusu saa. Nihudhurie kliniki, na kila Alhamisi nikakutane na wenzangu waliopatwa na maradhi ya moyo. Kazi ya kuponya, akasema, bado haijaisha, sasa ndiyo inaanza hatua ya ufuatiliaji.

Neno hilo lilinifariji sana. Ufuatiliaji ndiyo fani yangu.

Nilipofika nyumbani nikaunda kamati. Mke wangu Mwanaidi nilimteua kusimamia jiko, nikamtaka aniletee taarifa ya chumvi kila Ijumaa. Alinijibu kwamba kupika atapika, lakini kuandika nitaandika mwenyewe. Hiyo niliiorodhesha kama changamoto. Kuhusu kutembea, nilimwandikia Anthony barua ya kukaimu. Kila asubuhi atatoka nyumbani kwangu, atatembea kwa niaba yangu mpaka ufukwe wa Jimbiza na kurudi, kisha ataniletea dakika alizotumia. Anthony aliisoma barua mara mbili, akauliza swali moja tu: akichoka, achoke kwa niaba yangu au kwa niaba yake. Nikamwambia suala hilo litatolewa mwongozo.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo halikuwemo kwenye barua. Siku ya kwanza nilijaribu kutembea mwenyewe. Nilifika kwenye geti la jirani, nikausikia moyo unapiga, nikageuka nikarudi ndani haraka, nikafunga mlango na komeo. Mwanaidi aliponiuliza, nikamwambia nimerudia miwani.

Wiki ya tatu nikaacha vidonge. Sikuwa na maumivu tena, kwa hiyo kwa utaratibu wetu lengo lilikuwa limefikiwa, na mradi uliofikia lengo hauendelei kutengewa rasilimali. Kliniki nikairuka mara mbili. Muuguzi wa kliniki hiyo, Sista Marietha, alinipigia simu kuuliza kulikoni. Nikamwambia ripoti iko njiani. Akasema ripoti haina mapigo ya moyo, nije mwenyewe.

Nilikwenda na kurasa kumi na nne zenye jedwali na michoro ya rangi. Sista Marietha alizisoma zote, kwa utulivu ambao mimi niliuhesabu kuwa ni kuvutiwa. Kisha akanifunga kipimo cha presha mkononi. Akaangalia, akaandika, akapima tena. Akaniomba nitembee kutoka kwenye benchi hadi getini na kurudi, hatua kama sitini hivi. Nilifika kwenye bomba la maji, nikaishika ile nguzo yake na kujifanya nakagua koki.

Anthony alikuwa nje anasubiri na gari. Sista akamwita, akampima na yeye. Anthony alikuwa amekaza mkanda matundu mawili, na presha yake ilikuwa ya kijana wa jeshi.

"Mzee Pazi," Sista akasema, "ripoti yako nimeielewa. Anthony anaendelea vizuri sana."

Nikamshukuru. Akaniambia nisimshukuru. Bila kupandisha sauti akanieleza kwamba mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo akiacha dawa anauita wa pili kwa jina lake kamili, na wa pili hauombi nafasi ya kuzungumza. Kisha akaandika kwenye kadi yangu kwamba Alhamisi hiyo lazima nihudhurie kikundi, akapiga mstari chini ya neno lazima. Nilipata hisia ya ajabu. Mistari huwa napiga mimi.

Alhamisi nilivaa suti. Nilitegemea kwamba mtu wa nafasi yangu atawekwa meza kuu, hivyo nikaandaa hotuba fupi ya kurasa tatu. Nilikuta watu saba wamekaa kwenye mikeka, kibarazani nyuma ya kliniki. Mwenyekiti wao alikuwa mama mtu mzima aitwaye Bi Mwahija, mkaanga samaki wa sokoni, ambaye miaka mitatu nyuma alianguka mbele ya karai lake la mafuta. Nilisimama nikisubiri kusalimiwa. Naye akasubiri. Mwisho nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha pembe ya mkeka. Nilipotoa karatasi na kutamka kwamba itifaki imezingatiwa, akaniambia kwa upole kwamba pale hawana mgeni rasmi, wana wagonjwa.

Utaratibu wao ulikuwa wa kishamba kabisa kwa mtazamo wa kitaalamu. Kila mmoja alitoa vidonge vyake vilivyobaki, mwenzake akavihesabu. Yassini, mvuvi aliyevuka bahari toka kisiwa cha Songo Mnara tangu alfajiri, vyake alivileta kwenye kopo lenye kifuniko ili visiloe. Vilipungua sawasawa na siku zilizopita. Zamu yangu ilipofika nikafungua boksi langu. Lilikuwa karibu kujaa.

Nikaeleza kwamba ofisi yetu inahimiza kubana matumizi.

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyenigombeza. Hicho ndicho kilichonichanganya. Bi Mwahija aliliangalia boksi, akalifunga, akanirudishia.

"Mimi niliacha wiki sita," akasema. "Kila nikikimeza kidonge naiona ile siku. Nikaona nisipokimeza, labda na ile siku haikuwepo. Wewe uliacha kwa nini?"

Niliangalia hotuba yangu. Kurasa zote tatu hazikuwa na jibu la swali hilo, na mimi ndiye niliyeziandika.

"Naogopa," nikasema.

Nikaendelea, maana nilishindwa kunyamaza. Nikasema naogopa kutembea, naogopa kupanda ngazi, naogopa kulala chali kwa kuwa naona sitaamka. Mwezi mzima nimelala kwenye kiti, na mke wangu nimemwambia ni mgongo. Yassini akauliza ni wangapi pale waliwahi kulala wamekaa. Mikono minne ikainuka, na wake wa tano. Kwa miaka ishirini na miwili ya utumishi, hiyo ilikuwa takwimu yangu ya kwanza kuikusanya mwenyewe kwa macho.

Sista Marietha, aliyekuwa amekaa mlangoni na daftari lake, akatueleza kwamba moyo kupiga kwa kasi unapotembea si kosa, ndiyo kazi yake, na kwamba ukiona maumivu au pumzi inakukatikia unasimama na kusema. Maneno mepesi tu. Daktari aliyeniruhusu alishanieleza yote hayo. Mimi nilikuwa nimeyaweka kwenye kiambatisho.

Niliporudi nyumbani nikamwambia Mwanaidi kila kitu. Alikuwa anachambua ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha, hakuacha kuchambua. Akasema vidonge amekuwa akivihesabu tangu wiki ya kwanza, na kwamba nikiwa kwenye kiti yeye naye huwa macho, anasikiliza pumzi zangu.

"Halafu, baba Salima," akasema, "ile siku ya miwani ulikuwa umeivaa."

Kesho yake tulitoka wawili. Tukapita geti la jirani, tukafika la pili, tukarudi. Mwanaidi alinishika mkono barabarani, mchana kweupe, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya hata tulipokuwa wachumba. Barua ya Anthony niliitengua. Alisema ataendelea kutembea, ameshazoea.

Mwezi wa nne tangu nitoke hospitali nilikuwa nafika Jimbiza na kurudi kwa miguu yangu, na kila Alhamisi jioni kikundi kizima tulitembea pamoja. Presha ilishuka, vidonge vilipungua inavyotakiwa, na Bi Mwahija ndiye aliyekuwa mhesabu wangu, mtu ambaye huwezi kumdanganya hata kwa nusu kidonge.

Habari za kikundi zikamfikia Bwana Clemence. Mkubwa wetu ni mtu wa kuona mbali. Aliposikia kwamba kuna watu wanatembea kila Alhamisi bila mkakati, alishtuka. Ndani ya wiki mbili ukazaliwa Mkakati Shirikishi wa Uratibu wa Matembezi ya Moyo, ukapangiwa uzinduzi siku ya Alhamisi, na mimi nikateuliwa kuwa mshereheshaji. Yalipigwa maturubai mawili. Meza kuu ilikuwa na viti kumi na mbili, maua ya plastiki, maji ya chupa na sambusa. Wagonjwa walipangiwa benchi la nyuma, ambako kivuli hakikufika.

Uzinduzi ulipangwa saa nane mchana. Mgeni rasmi, yaani Bwana Clemence mwenyewe, alifika saa kumi kasorobo. Alianza kwa kuwatambua waliokaa meza kuu, mmoja mmoja, kisha akawatambua waliotuma udhuru. Saa kumi na moja ilipogonga alikuwa ukurasa wa tisa, anafafanua umuhimu wa kutokukaa muda mrefu.

Saa kumi na moja ndiyo saa yetu ya kutembea. Bi Mwahija alisimama, akakaza kanga yake kiunoni, akashika njia. Yassini akafuata, na wengine nyuma yake, taratibu, bila fujo. Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti. Nikakiweka juu ya meza kuu, kati ya maua na sambusa, nikawafuata.

Bwana Clemence alidhani hiyo ni sehemu ya ratiba. Alishuka jukwaani na karatasi zake, akatembea nyuma yetu akiendelea na hotuba, mpiga picha akirudi kinyumenyume mbele yake. Sentensi za kwanza zilikuwa ndefu kama kawaida yake. Baadaye zikawa fupi. Baadaye yakawa maneno matupu, moja moja. Sisi wenye mioyo mibovu tulikuwa tumemwacha kama uwanja mzima wa mpira tulipomsikia Sista Marietha, aliyekuwa nyuma kabisa ya msafara, akiita, tukarudi.

Mgeni rasmi alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, amefungua vifungo vitatu. Sista alimpima, akaangalia, akapima tena. Akafungua daftari akamwuliza jina. Alitaja jina na cheo. Sista akaandika jina, akauliza umri, kisha akauliza amekuwa akijisikiaje siku za karibuni. Bwana Clemence alisema ni gesi tu. Kifua humbana anapopanda ngazi za ofisini, miezi miwili sasa, amekuwa akinywa maji ya tangawizi.

Sista akamwambia anatakiwa kupimwa moyo. Akajibu kwamba atatazama nafasi kwenye shajara yake, labda wiki ijayo.

"Sasa hivi, baba," Sista akasema.

Bwana Clemence alitazama huku na huku kutafuta mtu wa kulitengua agizo hilo. Aliowaona ni mkaanga samaki, mvuvi, mimi, na wagonjwa wengine wanaomsubiri kwa subira. Gari likaletwa. Nikaingia nyuma pamoja naye, kwa kuwa alikuwa amenishika mkono na haoni kwamba amenishika.

Mbele ya mlango wa hospitali akaniinamia.

"Pazi, humo ndani wataniuliza nini?"

Nikamwambia watamwuliza anasikia nini.

"Na mimi nijibu nini?"

"Jibu ukweli, bosi."

Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwenye kikao chochote, kwamba swali kama hilo hajawahi kulijibu bila kuandikiwa.

Aliyekuwa akimwandikia, kwa miaka yote ile, ni mimi. Nikamfungulia mlango, tukaingia wote mikono mitupu.